Istilahi za Nywele katika Sanaa na Makumbusho: Mfano wa Gikomba, Nairobi

Vitu vingi vihifadhiwavyo katika majumba ya makumbusho vina sifa moja inayofanana, nayo ni kwamba vinakaa. Mtungi ukitunzwa hukaa, mkuki hukaa, ngoma hukaa hata baada ya ngozi yake kukauka na kupasuka. Msuko wa nywele haukai. Husukwa kwa saa kadhaa, huvaliwa kwa wiki chache, kisha hufumuliwa na yule yule aliyeulipia, na nywele zikachanwa tayari kwa msuko mwingine. Kwa sababu hiyo sanaa hii, ambayo pengine hakuna nyumba katika Afrika ya Mashariki isiyokuwa na mtu anayeijua japo kidogo, haina njia ya kuingia makumbushoni moja kwa moja. Huingia kwa uwakilishi. Ama zinaingia zana zake, kama vile chanuo na kigogo cha kulalia. Ama inaingia sura yake katika mti, rangi au picha. Ama zinaingia nywele zenyewe zikiwa zimekwisha kukatwa na kutenganishwa na mwenye kichwa.

Katika njia hizo zote, kinachopotea mapema kuliko vyote ni jina la msuko. Makala hii inakusudia kueleza jinsi jina hilo linavyopotea, na kwa nini upotevu huo unawahusu wanalugha kuliko unavyowahusu wahifadhi. Mfano uliochaguliwa ni Gikomba, mtaa na soko lililo mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, kwa kuwa huko nywele za Mwafrika zimepitia mikono ya aina mbili: ya mchonga vinyago aliyezichonga kwa ajili ya mgeni, na ya msusi na kinyozi wanaozitengeneza kwa ajili ya mwenyeji. Nywele za mchongaji zilisafiri dunia nzima bila jina. Zile za msusi zina majina tele, lakini hazijapata kwenda popote.

Kichwa cha mti

Gikomba iko kando ya Mto Nairobi, ikipakana na Pumwani, Majengo, Shauri Moyo na Kamukunji. Watu wengi huifahamu kwa ajili ya mitumba, na wengine kwa ajili ya mioto iliyoiunguza mara kwa mara, kama ule wa tarehe 28 Juni 2018 wa nyumba na vibanda uliowaua watu 15. Lakini kwa miongo mingi ya karne ya 20 Gikomba ilijulikana pia kwa wachongaji wa Kikamba, ambao walikaa chini ya mapaa ya mabati wakichonga twiga, vifaru, vijiko vya saladi na vichwa vya watu.

Asili ya kazi hiyo imeelezwa mara nyingi. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika Ukambani, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza huko uchongaji wa kuuza, na aliporudi akawafundisha jamaa zake. Kutoka Wamunyu kazi ikaenea Nairobi na Mombasa, na huko Changamwe wachongaji wakaanzisha chama chao cha ushirika mwaka 1963. Yafaa ikumbukwe kwamba chimbuko la biashara hii ni safari ya vita, na kwamba tangu mwanzo mnunuzi wake hakuwa jirani wa mchongaji bali mgeni. Mambo hayo mawili yanaeleza mengi kuhusu nywele zilizochongwa.

Katika vinyago vya Wakamba, kichwa kilichouzwa sana ni kile kiitwacho kwa kawaida "kichwa cha Mmasai". Mchongaji huanza kwa tezo, akiondoa mti mpaka umbo la fuvu, pua na masikio yaliyotobolewa litokeze. Kisha huchukua kisu na patasi ndogo na kukata mistari iliyosimama sambamba kuanzia utosini hadi kisogoni, na mingine kuja mbele ya paji. Mistari hiyo ndiyo nywele. Msasa hufuata, na mwishowe rangi. Na kama mti si mpingo, rangi ya viatu nyeusi iliweza kuufanya uonekane mpingo machoni pa mtalii. Mti uliotumika sana ulikuwa muhugu, mpaka ulipopungua mno misituni na wachongaji wengi wakageukia miti mingine kama mwarobaini.

Mistari hiyo inawakilisha kitu cha kweli. Morani wa Kimasai huacha nywele zake zikue, tofauti na watu wa rika nyingine na tofauti na wanawake, ambao hunyoa. Husokotwa nyuzi nyembamba nyingi mno, hupakwa mafuta na udongo mwekundu, hugawanywa kutoka sikio hadi sikio, sehemu moja ikiangukia paji na nyingine ikifungwa nyuma kuwa mkia mmoja mrefu. Kazi hiyo hufanywa na morani mwenzake, na huchukua muda mrefu. Katika sherehe ya eunoto nywele hizo hunyolewa na mama yake, na tangu hapo yule kijana ameondoka katika hali moja ya maisha na kuingia nyingine. Kwa hiyo kinyago cha Gikomba hakimwonyeshi "Mmasai". Kinamwonyesha mtu wa rika moja katika kipindi kifupi cha umri wake, ambacho mwisho wake unatangazwa kwa wembe. Lakini karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya kinyago hicho, iwe dukani au katika chumba cha maonyesho, hutaja kabila, aina ya mti na labda mwaka. Rika haimo, eunoto haimo, jina la msuko halimo wala katika Kimasai wala katika Kiswahili.

Wapo wasemao kwamba vinyago hivyo si sanaa bali ni bidhaa za watalii, na kwamba havistahili kuchunguzwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Kama mamilioni ya watu wa Ulaya na Marekani wamejifunza umbo la nywele za Mwafrika wa Mashariki kutokana na kinyago kilichowekwa juu ya kabati, basi kinyago hicho kimefundisha zaidi kuliko vitabu vingi, na mwalimu wa namna hiyo hastahili kupuuzwa hata kama alichofundisha ni kidogo. La ajabu zaidi ni kwamba wakati Mkamba alipokuwa akichonga nywele za Mmasai katika mti, Mmasai mwenyewe alianza kusuka nywele za watu wengine. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, vijana wa Kimasai wamejulikana kuwa wasusi hodari wa wanawake wa mjini, ingawa wazee wao wengi hawapendi, kwa kuwa mkono wa morani haukuwa wa kugusa kichwa cha mwanamke. Ujuzi wa kusokota ambao mchongaji aliugeuza kuwa mistari mikavu umekuwa ajira, na umepata jina: wateja husema wamesukwa "kimasai".

Ndani ya makumbusho

Makumbusho ya Nairobi yalianza mwaka 1910 kwa juhudi za chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, yakafunguliwa katika jengo jipya kwa jina la Coryndon mwaka 1930, na baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Kati ya hazina zake mashuhuri ni picha za watu wa makabila ya Kenya zilizochorwa na Joy Adamson, ambaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940, na ambaye baadaye alitoa kitabu chake kuhusu watu wa Kenya mwaka 1967. Mchoraji huyu alikuwa na jicho la makini. Shanga, ngozi, rangi ya udongo na mkato wa nywele vimechorwa kwa uangalifu unaomwezesha mtazamaji wa leo kuhesabu misokoto. Hata hivyo picha zake zilikusudiwa kuwa kumbukumbu ya mavazi "ya asili" kabla hayajatoweka, na mtu aliyechorwa hugeuka kuwa kielelezo. Unyoaji wake unaonekana; sababu ya kunyoa na jina la unyoaji huo ni lazima yatafutwe kwingine.

Zana nazo hazisemi zaidi. Chukua mfano wa ekicholong, kigogo kidogo cha Waturkana chenye miguu miwili au mitatu ambacho mtu hukalia mchana na kulalia usiku. Vigogo hivyo vimejaa katika makumbusho ya Ulaya, na huonyeshwa kwa taa nzuri kama sanamu za kisasa. Sababu mojawapo ya kuwapo kwake ni nywele: mwanamume wa Kiturkana aliyejengewa kichwani kishungi cha udongo uliopakwa rangi na kuchomekwa manyoya ya mbuni hakuweza kulaza kichwa chini bila kukiharibu. Kigogo kilikuwa nusu ya kitu. Nusu ya pili ilikuwa juu ya kichwa, na hiyo haikuchukuliwa. Mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo, ambao matokeo yake yalionyeshwa Nairobi mwaka 2021 na baadaye Cologne na Frankfurt, ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 katika makumbusho 30. Orodha kama hiyo ni kazi kubwa na ya kushukuriwa. Lakini mwanalugha anayeisoma atatambua kwamba vitu vya kichwani humo vimesajiliwa kwa lugha ya mkusanyaji, si ya mvaaji.

Mara chache nywele zenyewe huingia. Barakoa za Wamakonde ziitwazo mapiko, ambazo huvaliwa kichwani zima zima kama kofia, mara nyingi zina nywele za binadamu zilizopachikwa kwa nta, zikifuata mikato ya unyoaji. Hapo mchongaji hakuridhika na mistari. Aliona kwamba uso bila nywele za kweli haujakamilika. Mfano wa pili ni wa huzuni. Mfalme Tewodros wa Pili wa Ethiopia, ambaye picha zake nyingi humwonyesha akiwa na nywele zilizosukwa, alijiua huko Maqdala mwezi wa Aprili 1868 askari wa Kiingereza walipokuwa wakiingia katika ngome yake. Nywele zilikatwa kutoka katika maiti yake. Mwaka 1959 vishungi viwili vya nywele hizo vikafikishwa katika Makumbusho ya Jeshi jijini London, na huko vikakaa miaka 60 mpaka viliporudishwa kwa Waethiopia mwezi wa Machi 2019. Katika mabishano ya kuvidai, hakuna aliyevitaja kama mfano wa ususi. Kwa Waethiopia vilikuwa ni sehemu ya mwili wa mfalme inayosubiri kuzikwa. Nywele zinaweza kuwa sanaa zikiwa kichwani, na zikikatwa zikawa maiti. Neno moja la kwenye lebo haliwezi kubeba hali hizo mbili.

Katika miaka ya karibuni makumbusho kadhaa ya nje yamezifanya nywele kuwa mada kamili. New York mwaka 2000 palifanyika maonyesho makubwa kuhusu nywele katika sanaa na utamaduni wa Afrika, yaliyoandaliwa na Roy Sieber na Frank Herreman. Cambridge mwaka 2013, Makumbusho ya Fitzwilliam yalionyesha historia ya miaka 6,000 ya chanuo, kuanzia machanuo ya Misri ya kale hadi yale ya plastiki yenye mpini wa ngumi ambayo vijana weusi wa Marekani waliyachomeka nyweleni katika miaka ya 1970. Maonyesho hayo yalikuwa na faida. Lakini katika uwanja huu mtu anayestahili kutazamwa kwa makini na wanalugha ni mpiga picha wa Nigeria, J. D. 'Okhai Ojeikere. Tangu mwaka 1968 alipiga picha karibu 1,000 za misuko ya wanawake, nyingi kutoka nyuma ya kichwa, na nyingi ya hizo zina jina la msuko katika lugha ya wenyewe. Picha hizo zilionyeshwa Paris, Kassel na Venice, na majina yakaenda nazo. Mtu wa Venice asiyejua Kiyoruba hakuelewa jina, lakini aliliona, na alijua kwamba mbele yake kipo kitu chenye jina. Afrika ya Mashariki haina mkusanyiko unaolingana na huo.

Maneno ya sokoni na maneno ya kamusi

Je, Kiswahili kina majina? Jibu ni kwamba kinayo mengi, ila yamegawanyika katika makundi mawili yasiyojuana: ya kamusi na ya sokoni.

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalitaja neno denge, yaani namna ya kunyoa inayoacha nywele za mviringo utosini, na watu husema "kukata denge". Inalitaja pia panja, lihusulo nywele za upande wa paji, na shungi, yaani nywele ndefu zilizokusanywa au kusokotwa, ambalo wingi wake ni mashungi. Maneno hayo yamerithiwa na kamusi zilizofuata. Ni maneno mazuri, lakini ni ya pwani, na ni ya vizazi vilivyopita. Kijana wa Gikomba akiambiwa akate denge atadhani anatumwa kitu kingine. Kwa upande wa pili, maneno anayotumia kijana huyo hayamo katika kamusi, au yamo kwa maana nyingine.

Mfano wa kwanza ni kinyozi. Kwa mujibu wa sarufi hili ni jina la mtendaji, lililoundwa kutokana na kitenzi nyoa. Nairobi limekuwa pia jina la mahali. Mtu husema "niko kinyozi" au "naenda kinyozi" akikusudia kibanda, na kibao kilichochorwa kwa mkono mlangoni, chenye vichwa vya vijana vilivyopangwa safu ili mteja achague, huandikwa neno hilo hilo kama vile lingeandikwa duka au hoteli. Vibao vya namna hiyo kutoka Afrika ya Magharibi vimenunuliwa na kuonyeshwa Ulaya kama sanaa ya uchoraji. Vya Nairobi havijapata heshima hiyo, na jua na mvua havivisubiri.

Mfano wa pili ni vitenzi. Pwani na Tanzania nywele husukwa, kama mkeka na ukili vinavyosukwa. Kenya bara husikika sana pia kwamba zinasongwa, kitenzi kile kile cha ugali. Mtu anaweza kuona hapo upotoshaji wa lugha. La, kuna picha mbili tofauti za kazi moja. Kusuka kunatazama nyuzi zinazopitana. Kusonga kunatazama mkono unaokaza na kubana, na yeyote aliyewahi kusukwa na msusi asiye na huruma atakubali kwamba kitenzi cha pili si cha bahati mbaya.

Majina ya misuko yenyewe huundwa kwa njia ambazo zingefurahisha somo lolote la uundaji wa maneno. Matuta ni misuko inayolala juu ya ngozi ya kichwa kwa mistari iliyoinuka, na asili yake ni shambani: kichwa kimelimwa. Msuko wa Tanzania uitwao twende kilioni ni sentensi nzima iliyogeuzwa kuwa nomino, yenye kitenzi katika hali ya kuhimiza. Ni msuko wa haraka, mistari michache iendayo nyuma, unaofaa kwa mtu aliyepata habari ya msiba na hana muda wa kujipamba. Jina limebeba muda wa kusuka, mahali pa kwenda na adabu ya huko, mambo ambayo lebo ya makumbusho ingehitaji aya nzima kuyaeleza. Kalikiti ni jina la miaka ya 1980 la nywele zilizotiwa dawa zikawa na mawimbi; limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa juu ya kisanduku cha dawa, na sasa dawa yenyewe imepitwa na wakati, lakini neno lingali likikumbukwa na waliokuwa vijana wakati huo. Nairobi, Abuja si mji mkuu wa Nigeria tu, ni msuko. Wengi wanaouvaa hawajafika huko.

Tukio la mwaka 2020 linaonyesha jinsi jina linavyoweza kuzaliwa mbele ya macho ya watu. Mtindo wa kufunga nywele kwa uzi mweusi, zikasimama kama miiba, ulikuwa wa mama na bibi za watu, na katika miji ulikuwa umeachwa kwa ajili ya nywele za bandia kutoka ng'ambo. Ugonjwa wa korona ulipoingia na watu wakakosa kazi, wasusi wa Kibera, Nairobi, waliurudisha kwa watoto, kwa kuwa umbo lake lilifanana na picha ya kirusi iliyokuwa ikionyeshwa kila mahali, na kwa kuwa bei yake ilikuwa kiasi cha shilingi 50, ilhali msuko wa kawaida uligharimu shilingi mia kadhaa. Msuko wa zamani ukapata jina la korona. Magazeti ya dunia yalichapisha picha. Mtunza makumbusho anayeipokea picha kama hiyo bila jina lake ataiandika "mtindo wa asili wa uzi", na atakuwa sahihi. Lakini atakuwa ameikosa njaa ya mwaka 2020, ambayo imo katika jina na haimo katika uzi.

Haifai pia kudhani kwamba kila jina ni hazina safi. Maneno kipilipili na singa yamebeba hukumu. La kwanza linafananisha nywele zilizojikunja na punje za pilipili, la pili linahusu nywele ndefu zilizonyooka, na katika mazungumzo ya kawaida moja hutumika kwa dharau au mzaha, na jingine kwa sifa. Mwandishi wa lebo akichukua "nywele za kipilipili" kwa kudhani kwamba ametafsiri tu, atakuwa ameingiza makumbushoni hukumu ya uzuri ambayo wasusi wenyewe wamekuwa wakibishana nayo. Wala dola haikukaa nje ya ubishi huo: Tanzania, Operesheni Vijana iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 ilipiga marufuku nywele za bandia pamoja na nguo fupi, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Kichwa cha mwanamke kilifanywa uwanja wa siasa, na istilahi ya nywele ikawa istilahi ya uzalendo.

Nywele za Kimathi

Ugumu wa jambo hili unaonekana wazi zaidi katika sanamu moja iliyo mwendo mfupi kutoka Gikomba. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe na serikali ya kikoloni, Rais Mwai Kibaki alizindua katika barabara ya Kimathi jijini Nairobi sanamu ya shaba iliyofanywa na Kevin Oduor. Kimathi amesimama na bunduki na kisu, na kichwani ana nywele ndefu za misokoto. Nywele hizo si ubunifu wa msanii. Wapiganaji waliokaa msituni waliziacha nywele zao zikue na kujisokota, na picha iliyopigwa na wakoloni baada ya kumkamata Kimathi tarehe 21 Oktoba 1956 inazionyesha waziwazi. Wakoloni waliieneza picha ile kama ushahidi wa ushenzi. Nusu karne baadaye nywele zile zile zimewekwa katika shaba kuwa ushahidi wa ushujaa.

Zinaitwaje kwa Kiswahili? Mpita njia wa Nairobi, bila kusita, atajibu: rasta.

Neno hilo linahitaji kuchunguzwa. Limetokana na Ras Tafari, cheo na jina la Haile Selassie kabla hajatawazwa kuwa mfalme mwaka 1930, likachukuliwa na waumini wa Jamaica, na kutoka Jamaica likaja Afrika ya Mashariki pamoja na muziki wa rege katika miaka ya 1970. Katika Kiamhari ras ni kichwa, na kwa hiyo mkuu. Ni ndugu ya neno la Kiarabu lililoipa Kiswahili rasi, ncha ya nchi iingiayo baharini, na rasilimali, kichwa cha mali. Basi neno lenye maana ya kichwa limezunguka bahari na kurudi kuwa jina la kilicho juu ya kichwa. Likafika, halikutulia. Kenya rasta ni mtu wa imani hiyo, na pia nywele za misokoto zisizochanwa. Tanzania, mwanamke akisema anasuka rasta, mara nyingi anakusudia nyuzi za bandia zinazoongezwa katika nywele, na hakuna habari ya imani wala ya Jamaica.

Kumwita Kimathi mwenye rasta, kwa hiyo, ni kumvika neno lililofika baada ya kifo chake. Huenda picha za wapiganaji wa Kenya zilizochapishwa katika magazeti ya miaka ya 1950 zilionekana na watu wa Jamaica na kuwatia moyo, kama wengine wanavyodai. Hata ikiwa ni kweli, hoja hiyo inazidisha kosa badala ya kulipunguza, kwa kuwa mtangulizi anaitwa kwa jina la mfuasi. Tena neno hilo limepata uzito wa kisheria. Tarehe 13 Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya msichana aliyekatazwa shule kwa sababu ya nywele zake, iliamua kwamba Urastafari ni dini na kwamba nywele zile ni sehemu ya ibada. Lebo ikisema Kimathi alikuwa na rasta, msomaji wa leo ana haki ya kuelewa kwamba alikuwa na dini ambayo hakuwa nayo.

Miaka kumi na mitano baada ya sanamu kuzinduliwa, swali lile lile lilijitokeza kwa mtu aliye hai. Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyepewa cheo cha jemadari mkuu katika jeshi la msituni, alikuwa hajakata nywele zake tangu vita. Tarehe 2 Aprili 2022, huko Nyeri, zilikatwa na Mama Ngina Kenyatta mbele ya watu. Muthoni akafariki mwezi wa Septemba 2023. Nywele hizo zilikuwa ndefu kupita kiuno, na zilikuwa zimevaliwa miongo saba kama deni la uhuru ambalo mwenyewe aliona halijalipwa. Katika habari za Kiswahili za siku ile, neno lililotawala lilikuwa lile lile la rege.

Katika maneno yaliyopo, lifaalo zaidi ni mashungi. Ni la zamani. Linahusu nywele ndefu zilizojikusanya kuwa vifungu. Halina dini, na halikuletwa na kisanduku cha dawa wala na santuri. Pingamizi lake linajulikana. Kwanza, watu wengi wa bara hawalijui. Pili, lina ndugu anayeweza kulichanganya, yaani ushungi, mtandio wa mwanamke wa Kiislamu, na pia hutumika kwa kishungi cha ndege. Pingamizi la kwanza ni la kawaida kwa kila istilahi iliyopendekezwa katika nusu karne hii, na baadhi ya maneno yaliyochekwa sana sasa yako midomoni mwa watoto wa shule. La pili si pingamizi: nywele, mtandio na manyoya ya ndege yote ni vitu vya kichwani vyenye kuinuka au kuning'inia, na neno limetambua mfanano huo kabla ya wachunguzi. Linalobaki ni kujua wapiganaji wenyewe waliziitaje nywele zao katika Kikikuyu, Kiembu na Kimeru walipokuwa msituni. Waliozivaa sasa ni wachache, na wana umri wa zaidi ya miaka 80. Swali hilo halihitaji maabara wala fedha nyingi. Linahitaji mtu mwenye daftari apande matatu ya Nyeri, na akirudi apitie Gikomba, awaulize wasusi na vinyozi wa huko majina ya kazi ya siku hiyo kabla haijafumuliwa.